BEGA LA MCHUKUZI NA MSULI WAKE

Katika vyama vya msingi vinavyokusanya kahawa, pamba au korosho, mazao hupita mabegani mwa watu kabla ya kufika ghalani. Bega la mchukuzi, basi, ni chombo cha kazi kama ilivyo mizani, nalo lastahili kufahamika na kutunzwa.

Katika kiungo hiki, kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, lakini kikombe kinachokipokea hakina kina. Kinachozuia kichwa hicho kisiteleze ni misuli minne, ambayo kano zake hukizingira. Mmoja wao, uitwao suprasipinatusi, hulala sehemu ya juu ya kombe la bega, na kano yake hupita katika uwazi mwembamba chini ya mfupa wa ncha ya bega. Msuli huu husaidia kuinua mkono kando.

Mtu ainuapo mizigo juu ya kichwa siku baada ya siku, kano hiyo huchoka na huweza kuchanika kidogo kidogo. Dalili zake ni maumivu upande wa nje wa bega, hasa mkono unapoinuliwa, na usiku mtu anapolalia upande huo.

Msuli uliodhoofika huimarishwa kwa mazoezi mawili mepesi. La kwanza, mkono huinuliwa polepole, kidole gumba kikielekea juu, kati ya mbele na kando, bila kupita usawa wa bega. Ukizoea, hushikishwa chupa ya maji ya nusu lita. La pili huimarisha misuli jirani. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli hufungwa nguzoni kwa usawa wa kiwiko. Nguzo ikiwa upande wa pili, kiwiko hukunjwa na kubanwa ubavuni, kisha kiganja huvuta mpira kuelekea nje. Kila zoezi hufanywa mara 10, kwa awamu 3, siku 3 kwa juma. Maumivu yakidumu hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe. Nguvu hairudi kwa siku moja. Huhitaji majuma kadhaa, pengine 12.

Aliyeanguka na kushindwa kuinua mkono asikandwe kwa nguvu, bali apelekwe hospitali bila kukawia.

Hata hivyo, mazoezi hayafai kitu iwapo mzigo wenyewe wapita kiasi. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, lataka mzigo wa mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55, ilhali gunia la kawaida la kahawa safi lina kilo 60. Yafaa, kwa hiyo, makatibu waifikishe habari hii katika vikao vya kamati kabla ya msimu, ili gunia lichukuliwe na watu wawili au kwa mkokoteni, na magunia yasipangwe kupita usawa wa bega pale ghala linaporuhusu. Mkokoteni hununuliwa mara moja. Bega lililoharibika halina duka.