Filimbi moja, watu wawili: kule Conima hakuna nyota

Tukisikia muziki wa milima ya Andes, wengi wetu tunawaza wale wanaume wane ao watano wenye kuvaa poncho, wanaopiga filimbi katika metro ya Paris. Si uongo, wako. Ulaya ilizoea muziki huo kwa njia ya vikundi kama Los Incas, kilichoundwa Paris mwaka wa 1956. Kiisha, mwaka wa 1970, Simon na Garfunkel walichukua « El cóndor pasa », muziki wa Mperu Daniel Alomía Robles wa mwaka wa 1913, na dunia nzima ikaujua.

Lakini kule kwenyewe, katika vijiji, mambo ni mengine. Leo tunataka kuongea juu ya watu wa Conima, kijiji cha Waaymara katika jimbo la Puno, inchi ya Peru, pembeni ya ziwa Titicaca. Ziwa hilo liko juu sana, karibu metre 3 800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ni kali, hewa ni kidogo, watu wanalima viazi na kufuga. Na ni wao wanaopiga siku.

Siku ni nini? Ni filimbi ya matete yaliyofungwa pamoja, moja ndefu, ingine fupi, kwa mustari. Lakini haitoshi mtu mumoja. Siku inagawanywa mara mbili: upande mumoja unaitwa ira, mara nyingi na matete 6, upande wa pili unaitwa arka, mara nyingi na matete 7. Sauti ambazo ira anazo, arka hana. Na zile za arka, ira hana. Basi, ili wimbo utoke, lazima watu wawili wasimame pamoja: mumoja anapuliza, mwenzake anavuta pumzi, kiisha wanabadilishana, haraka haraka. Ukimusikia mumoja peke yake, unasikia vipande vipande tu, sawa mtu anayeongea na kukatika.

Kikundi kinakuwa na filimbi za ukubwa mbalimbali, kubwa kwa ndogo, na ngoma kubwa. Watu wanapiga huku wakizunguka duara, wakicheza. Wimbo uko na sehemu tatu, kila moja inarudiliwa mara mbili, kiisha wanaanza tena toka mwanzo, mara nyingi sana. Kwa mgeni inaweza kuonekana inachosha. Lakini kurudilia kule kuko na kazi yake: yule asiyejua wimbo anapata wakati wa kuufuata. Wale wenye kujua wanashika katikati, wenye kujifunza wanawafuata pembeni, na pole pole mudomo na pumzi vinazoea.

Tunayajua mengi ya hayo kwa sababu Mmarekani mumoja, profesa Thomas Turino, alikaa nao katika miaka ya 1980, akapiga nao, akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1993. Jambo lililomushangaza ndilo linatushangaza na siye: kule kijijini hakuna mtihani wa kuingia. Mwanaume yeyote wa kijiji akija na siku yake siku ya sikukuu, anapiga. Hata kama anakosa. Na akikosa, hakuna anayemugombeza mbele ya watu. Kumufanya mwenzako apate haya ni kosa kubwa kuliko sauti moja mbaya.

Na nyimbo zinatoka wapi? Hakuna repetisyo ya kila juma kama kwetu. Usiku mbele ya sikukuu, wazee na vijana wanaingia katika nyumba, mumoja mumoja. Mtu anapiga kipande kidogo, kwa sauti ya chini. Kikipendeza, mwingine anakishika, wa tatu anaongeza. Kisipopendeza, wanakaa kimya tu, na kile kipande kinakufa. Hakuna anayesema « mbaya ». Wimbo ukimalizika, ni wa kikundi, hauna jina la mtu.

Hapa kwetu Kongo tunajua ginsi orkestra zinavyovunjika. Nani ni prezida, nani ataimba mbele, jina la nani litaandikwa juu ya disque. Wenge Musica ilikatika mwaka wa 1997, na mpaka leo watu wanabishana ni upande gani uliokuwa wa kweli. Hatusemi kama watu wa Conima hawana wivu; wao ni watu kama siye. Na wako na viongozi wao. Lakini kiongozi wa kule anaongoza kwa kupiga vizuri, si kwa kuamuru.

Sasa, tatizo ni nini? Tatizo ni barabara ya kwenda Lima. Toka nusu ya karne ya 20, vijana wengi wa milimani walishuka kwenye mji mkuu kutafuta kazi na masomo. Kule walikutana na zarau. Jina « serrano », ni kusema mtu wa milimani, lilikuwa tusi. Wengi walificha luga yao, wakaficha na filimbi. Mambo yalianza kubadilika wakati wa serkali ya jenerali Juan Velasco Alvarado: mwaka wa 1969 ilitangaza kugawanya mashamba ya matajiri, na mwaka wa 1975 ikafanya Kikechua kuwa luga rasmi. Katika miaka hiyo ya 1970, watu wa Puno waliokuwa Lima walitoa siku zao nje, mbele ya watu wote.

Ni furaha, lakini furaha yenye bei. Lima si kijiji. Mtu anatoka kazini saa ya mangaribi, anapanda basi, anakuja repetisyo mara moja kwa juma. Nyimbo alizipata katika kaseti kutoka kijijini, na anataka kuzipiga sawasawa vile zilivyo. Basi kukosa kukawa aibu, na kusahihishana kukawa wazi wazi. Kijijini wanatunga nyimbo mupya kwa sikukuu. Mjini wanachunga zile za kijijini zisipotee. Nani yuko na haki? Siye tunaona kama wote wawili wanaogopa kitu kile kile: kupoteza kwao.

Hata Puno yenyewe iko na kishawishi chake. Sikukuu ya Bikira Maria wa Candelaria, kila mwezi wa pili, imewekwa na UNESCO katika urithi usioshikika wa binadamu mwaka wa 2014. Kule kuna mashindano, wahukumu, pointi. Mbele ya muhukumu, kikundi kinaanza kujiuliza kama yule asiyejua vizuri abaki nyumbani. Na kumbe mashindano hayohayo yanawapa vijana hamu ya kushika siku. Mlango mumoja unafungwa, mwingine unafunguka. Wanawake, ambao zamani walicheza tu wakati wanaume wanapuliza, leo wako na vikundi vyao pia.

Watu wengine wanasema kumupokea kila mtu ni huruma ya watu wa kijiji. Tunafikiri ni zaidi ya huruma, ni hesabu. Kama arka wako amepanda basi ya Lima, ira yako ni matete 6 tu, wimbo hautoki. Lazima utafute mwingine, hata kama bado hajui, umuweke pembeni yako, umungojee. Yule mtoto anayekosa leo, kesho ndiye nusu ya wimbo wako. Ukimufukuza kwa sababu anaharibu, hutabaki na muziki safi. Utabaki na nusu.