Kifafa: Dawa Inatosha Lini, na Upasuaji Unaingia Lini?

Mtu akianguka kwa kifafa, iwe Kawajense au kijiji chochote cha Katavi, huwa kuna sauti tatu: mmoja anasema mwekeeni kijiko mdomoni, mwingine msiguse mapovu, wa tatu mpelekeni kwa mganga. Tuzijibu kwanza. Kijiko kinavunja meno na kinaweza kumziba pumzi. Mapovu ni mate tu, kifafa hakiambukizwi kwa kuyagusa. Na chanzo chake kipo kwenye ubongo.

Seli za ubongo zinawasiliana kwa umeme. Fikiria soko: kila mtu anaongea na mteja wake, mambo yanaenda. Kifafa ni pale kundi moja linapoanza kupiga kelele kwa pamoja. Kelele zikibaki pembeni, mtu anaweza kuduwaa tu, akatafunatafuna au akachezea nguo yake bila kujitambua, watu wakadhani ana mapepo. Zikienea soko zima, anaanguka na kukakamaa.

Mara nyingi kelele hizo huanzia kwenye kovu. Kovu linatokana na nini? Kuumia kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi ya ubongo, au viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyofika kichwani. Sisi wa maeneo ya malaria tuna jambo la ziada: utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kifafa ni kingi zaidi kwa watoto waliowahi kuugua malaria kali kuliko wenzao. Kwa hiyo chandarua kinalinda hata ubongo.

Sasa, kama tatizo ni kovu, kwa nini lisiondolewe?

Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeanzisha taasisi ya magonjwa ya ubongo na neva mjini Montreal, Kanada, mwaka 1934, alifanya hivyo hasa. Aliwapasua wagonjwa wakiwa macho. Usishtuke: kichwa kilitiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa sehemu moja kwa umeme mdogo, mkono ukacheza. Akagusa nyingine, mgonjwa akashindwa kutamka neno. Hivyo akajua wapi pa kukata na wapi pasiguswe.

Lakini upasuaji si wa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Kifafa kinaitwa sugu pale dawa mbili zinazofaa, zilizotumiwa ipasavyo, zinaposhindwa kukizuia. Hao ndio wa kuchunguzwa kwa upasuaji. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 wenye kifafa sugu kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu. Walioendelea na dawa peke yake? Asilimia 8.

Utasema hiyo ni Kanada. Sawa, twende Mbale, Uganda. Daktari wa upasuaji Warren Boling na wenzake, wakishirikiana na hospitali ya watoto ya CURE, walichapisha mwaka 2009 ripoti ya upasuaji wa majaribio kwa wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Walionyesha kwamba upasuaji wa kifafa unawezekana hata kwenye nchi zenye uwezo mdogo.

Je, wewe uliye Mpanda ufanye nini? Usianze na nauli ya treni. Anza na dozi. Kuna vifafa vinavyoitwa sugu kumbe dawa iliachwa wiki mbili msimu wa mashamba. Na kuacha ghafla ni hatari, degedege inaweza kuja mfululizo na kuua. Ukienda shamba la mbali, beba dawa za kutosha. Aliye na kifafa asishuke kwenye mashimo ya dhahabu wala asiogelee peke yake.

Andika tarehe za kuanguka kwenye daftari. Mtu mmoja arekodi kwa simu huku mwingine akimlaza mgonjwa ubavu na kuondoa vitu vyenye ncha. Video hiyo inamsaidia sana daktari. Ikipita dakika tano bila kutulia, mkimbizeni hospitali.

Kama dozi zote zimenywewa na dawa mbili zimeshindwa, usikubali kuambiwa "ndivyo alivyo". Omba rufaa kutoka hospitali ya mkoa kwenda kwa mabingwa wa ubongo, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambayo licha ya jina lake inashughulikia pia ubongo. Nenda na daftari lako, na ile video.