Mtoto Amepata Nafasi ya Kusoma IT: Mzazi Ajue Nini Kabla ya Kulipa Ada

 

Mzazi mmoja kutoka Pemba aliniuliza baada ya sala ya Ijumaa. Binti yake amepata nafasi chuo kikuu kusoma shahada ya Teknolojia ya Habari, hiyo ambayo vijana wanaiita IT. Ada ipo, imetoka katika karafuu alizouza msimu huu. Lakini majirani wanamwambia huko ni kujifunza kuchapa barua na kutengeneza simu, na hiyo ni pesa ya kutupa. Je, alipe?

Kuchapa barua mtu hujifunza kwa wiki chache. Shahada hii kwa kawaida ni miaka 3. Huanza na hesabu na uandishi wa programu, yaani kuipa kompyuta maelekezo hatua kwa hatua, na hatua moja ikikosewa kazi yote husimama. Kisha huja hifadhidata, mitandao ya kompyuta, usalama wa taarifa, mafunzo ya vitendo maofisini, na mwisho mradi ambao mwanafunzi anaujenga mwenyewe. Chukua mfano wa hospitali: mgonjwa anafika, jina lake linatafutwa, daktari anaziona dawa alizopewa mwezi uliopita, na asiyehusika hazioni. Kuna mtu amekaa akaupanga mfumo huo. Huyo ndiye msomi wa IT.

Hukumu yake haina uzito. Imam al-Ghazali katika Ihyaa alizihesabu tiba na hesabu katika fardhi kifaya, kwa sababu watu hawawezi kuendesha maisha yao bila ya hizo. Leo mishahara, vipimo vya wagonjwa na matokeo ya mitihani yote yamo ndani ya kompyuta, basi wenye kuzijua ni haja ya umma. Tunapenda pia kumtaja al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina. Ni kweli, lakini tusijifakhirishe naye ilhali mtoto wetu amezikimbia hesabu tangu kidato cha pili. Mtoto kama huyo atateseka huko, na ni bora kumwambia mapema.

Zaidi ya ada, weka fungu la laptopu na la bando. Fani hii haisomwi kwa daftari tu.

Lililonitia khofu mimi si hayo. Niliwahi kukaa katika kikao cha kumhoji mwanafunzi wa mwaka wa mwisho juu ya mradi wake. Mfumo ulikuwa mzuri, unapendeza machoni. Mwalimu akamwomba abadilishe jambo dogo tu. Kijana akaitazama skrini, akanyamaza. Mradi alikuwa ameununua. Nyumbani kwao walikuwa wakijinyima kwa ajili ya ada ile, na sikujua atawaambia nini.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumerowa na juu kukavu, akamkemea muuzaji na kumtoa mwenye kughushi katika mwenendo wetu. Shahada ya kununua ni rundo lile lile. Na mwenye nayo kesho atakabidhiwa maneno ya siri ya ofisi nzima, mishahara ya watu na maradhi yao. Hiyo ni amana, naye hajui hata kuifunga milango yake.

Kwa hivyo ndugu yangu, mlipie binti yako ikiwa anazipenda hesabu na ana subira. Akirudi likizo usiishie kumuuliza alama. Mwambie akuoneshe programu aliyoiandika, hata ya kuhesabu pishi za karafuu zako, kisha abadilishe bei mbele ya macho yako uone hesabu inavyogeuka.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.