Kupima Bawa Linapopinda

Wakazi wa Nanyuki wamezizoea Cessna Caravan, ndege zenye mbawa za aluminiamu zinazofika karibu mita 16 kutoka ncha hadi ncha. Upepo unaoteremka kutoka Mlima Kenya huzitikisa, na mbawa hupinda. Si kasoro, ndivyo zilivyoundwa. Hatari ni kupinda mara maelfu kwa maelfu, mpaka metali ichoke na kupata ufa. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet, aina iliyokuwa ikipitia Entebbe tangu 1952 katika safari za London hadi Johannesburg, zilisambaratika angani kwa uchovu wa metali, ingawa huo ulianzia kwenye mwili wa ndege, si kwenye mbawa.

Ndiyo maana wahandisi hupima mijongeo. Kihisi kimoja kinachotegemewa sana huitwa LVDT: neli nyembamba kama kalamu yenye koili tatu, na ndani yake kipande cha chuma kinachoteleza. Koili ya kati hupitishiwa umeme. Chuma kikikaa katikati kabisa, koili za pembeni hupata volteji sawa zinazofutana. Kikisogea hata sehemu ya elfu ya milimita, upande mmoja huzidi, na tofauti hiyo ndiyo kipimo. Chuma hakigusi koili, kwa hiyo hakuna kinachosagika.

Uzito ni suala zito hapa. Kihisi kizito kikifungwa kwenye ukingo wa nyuma wa bawa hubadilisha mtetemo uleule kilichotumwa kuupima, na mtetemo ukikua bila kudhibitiwa unaweza kulivunja bawa. Kila gramu inahesabiwa.

Halafu kuna joto. Kutoka jua la mchana uwanjani hadi baridi ya juu, tofauti ikiwa nyuzi 30, aluminiamu ya mita tano hufupika zaidi ya milimita tatu. Asiyeondoa hesabu hiyo atadhani bawa limepinda.

Kwa wanaotaka kujifunza upimaji huu, Nyeri ina pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hufundisha uhandisi wa mekatroniki, na katika ardhi yake kuna kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies Limited. Kinachokosekana ni bawa la kujaribia. Naamini wanafunzi wa chuo hicho wanaweza kazi hii. Basi mwenye ndege Nanyuki ambaye ana bawa lililokwisha muda wake, asiliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alipeleke Nyeri, wanafunzi walipinde na kulipima wenyewe.