Canter ya boksi kugeuzwa nyumba ya safari: kwa nini fundi aanzie chini ya gari

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto imezoea malori ya kila namna. Canter na Fuso zikiwa zimejaa kabichi, karoti na viazi hushuka kuelekea Dar es Salaam, na mara mojamoja hupanda lori lenye boksi, madirisha madogo ubavuni na ngazi ya kukunja mlangoni. Ndani yake kuna kitanda, jiko, tangi la maji na wakati mwingine choo. Wenyewe hulala humohumo, iwe ni Irente, Magamba au kule Mtae ukingoni kabisa mwa milima. Swali ambalo wasikilizaji hutuletea ni hili: gari kama hilo linatengenezwaje, na fundi wa huku kwetu anaweza kulitengeneza?

Anaweza. Mafundi wetu wamejenga bodi za malori na mabasi juu ya chesisi tupu kwa miaka mingi. Wazo lenyewe pia si geni. Tangu enzi za ukoloni, magari ya sinema yalizunguka vijijini Tanganyika yakiwa na jenereta na mashine ya kuonyeshea picha. Baadaye kampuni za Uingereza zilichukua malori ya Bedford yaliyokuwa ya jeshi, zikayageuza kubeba watalii kuvuka Afrika. Kitanda na kabati ni kazi ya seremala yeyote mzuri. Ugumu uko chini, kwenye chesisi, uzito na breki, na huko ndiko tutakakokaa zaidi, kwa sababu mlima wetu hausamehe.

Tuanze na boksi lenyewe. Malori yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huwa na maboksi ya aina mbili. Lipo la bati jepesi la aluminiamu, na lipo la friji, lililokuwa likibeba samaki au nyama. Boksi la friji lina ukuta mnene uliojazwa povu gumu. Ukuta huo huzuia baridi ya Lushoto ya Juni na Julai, na huzuia joto la Mombo vilevile. Ubaya wake ni uzito, na pia nguvu zake zote ziko kwenye ngozi ya nje na ya ndani zilizoshikana na povu. Ukikata dirisha kubwa bila kuweka fremu ya kuzunguka tundu, umelidhoofisha. Kabla ya kununua, lala chini ya gari uangalie sakafu. Maji yakiwa yameshaingia kwenye povu au mbao za chini, hapo unanunua uozo, hata kama rangi ya nje inang'aa.

Sasa chesisi, yaani zile reli mbili ndefu za chuma zinazobeba kila kitu. Chukua ngazi ya mbao, mwenzako ashike mwisho mmoja na wewe mwingine, kisha kila mtu apindishe upande wake. Inakubali kupinda kidogo. Halafu chukua boksi la viatu lililogundishwa kifuniko, ulipindishe vivyo hivyo. Halipindi, bali linachanika kwenye pembe. Lori ni ngazi, na nyumba unayoipakia juu yake ni boksi la viatu.

Chesisi ya lori imetengenezwa ipinde kwa makusudi. Gurudumu la mbele kulia likipanda jiwe na la nyuma kushoto likipanda jingine, reli zile hujikunja kidogo ili magurudumu yote yabaki ardhini. Kwenye lami mpindo huo ni mdogo, ndiyo maana boksi la mizigo linaweza kufungwa moja kwa moja kwa yubolti na likadumu. Ukilipeleka lori hilohilo kwenye barabara ya udongo yenye makorongo, chesisi inataka kupinda na boksi linakataa. Kimoja kitashindwa. Dalili za mwanzo ni mlango unaokataa kufunga gari likiwa limeegeshwa mahali pasipo sawa, nyufa kwenye pembe za madirisha, na rangi inayochubuka kwenye reli nyuma tu ya kichwa cha lori. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huenda chuma chenyewe kimeanza kupasuka.

Dawa yake ni fremu ya pili. Fundi hutengeneza fremu ya chuma inayokaa juu ya chesisi, na boksi hufungwa kwenye fremu hiyo. Upande mmoja fremu hufungwa imara isisogee. Upande mwingine hufungwa kwa bolti ndefu zenye springi, ili chesisi ikipinda, springi zibane na fremu inyanyuke kidogo bila kulivuta boksi. Njia nyingine ni kulikalisha boksi juu ya sehemu tatu tu, kama kigoda cha miguu mitatu ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Kwenye Unimog za Mercedes-Benz, bodi hukalishwa kwa namna hiyo. Kama unataka watu wapite kutoka kwa dereva kuingia ndani ya boksi, njia hiyo iwe ya mpira unaonyumbuka, maana kichwa na boksi havitembei pamoja.

Fundi akumbuke pia kutochomelea wala kutoboa sehemu ya juu na ya chini ya reli za chesisi, kwa kuwa hapo ndipo nguvu inapopita. Matundu, yakihitajika, yawe ubavuni, na ni bora kutumia yaliyotobolewa kiwandani. Akichomelea popote kwenye gari, atoe kwanza waya za betri.

Uzito nao huingia kimyakimya. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni kilo 200 kabla hata hujahesabu tangi lenyewe. Dizeli lita 100 ni zaidi ya kilo 80. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina kama kilo 30, na nyumba ndogo humeza karatasi kumi bila kuonekana. Ongeza betri, tairi za akiba, mtungi wa gesi, na watu wanne na mabegi yao. Lori la kazi hushusha mzigo sokoni likarudi tupu, lakini lori lililogeuzwa nyumba hubeba mzigo wake siku zote, usiku na mchana, kupanda na kushuka. Kwa hiyo tunamshauri mwenye gari apunguze samani kabla hajafikiria kuongeza springi.

Mahali pa kuweka uzito ni muhimu kama kiasi chake. Maji na betri vikae chini na katikati, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Makabati ya juu yabebe nguo na mikate. Boksi ni refu kwenda juu, na barabara za huku mara nyingi zimelala upande wa bonde. Ukiweka tangi la maji juu ya paa ili maji yatiririke yenyewe, kama kwenye nyumba, umelipa lori sababu ya kupinduka.

Tukija kwenye breki, kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika kipande hicho barabara inapanda karibu mita 1,000. Kupanda ni shughuli ya injini. Kushuka kunataka hesabu. Lori la tani 5 likishuka mita 1,000 lina nguvu ya kutoa joto linalotosha kuchemsha maji baridi ya ndoo saba za lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na matairi. Nyingine inaweza kuchukuliwa na injini, ukiiruhusu. Inayobaki yote inaingia kwenye dramu za breki.

Dramu ikipata joto kali hutanuka na kujitenga na brekishu, na pedali inaanza kwenda chini zaidi kila unapokanyaga. Mafuta ya breki nayo, yakiwa ya zamani, huwa yamefyonza unyevu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga hadi sakafuni na gari halisimami. Hii ndiyo sababu madereva wazee wa barabara hii husema ushuke kwa gia uliyopandia. Injini ikishikilia mwendo, breki inabaki baridi kwa ajili ya kona. Canter nyingi zina pia breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini izuie gari. Katika magari yaliyotumika mara nyingi utaikuta imekatwa waya au imeshika kutu. Kwa maoni yetu, irekebishwe kabla ya kununua godoro. Na ile tabia ya kutoa gia ili kuokoa mafuta kwenye mteremko, dereva wa nyumba ya tani 5 asiifikirie kabisa.

Wengi huuliza kama lazima gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Kwa lami hadi Lushoto mjini, si lazima. Kwa njia za udongo mwekundu za vijijini wakati wa masika, linasaidia sana, ingawa hata hilo kuna siku litasubiri jua kama wengine. Jambo linalosahaulika ni tairi pacha za nyuma. Mawe hukwama katikati yake na kukata mpira, na kwenye tope haziendi katika njia iliyokanyagwa na tairi za mbele. Wanaokwenda porini huzibadilisha kwa tairi moja pana kila upande, mradi rimu na tairi hizo ziwe zimethibitishwa kubeba uzito huo.

Umeme hautatuchukua muda. Malori mengi ya Kijapani yana volti 24, na vifaa vingi vya sola tunavyonunua madukani ni vya volti 12. Weka betri za nyumba peke yake zenye sola yake, usichanganye na za gari, na kila waya uwe na fyuzi karibu na betri.

Linalobaki ni la uhai moja kwa moja. Boksi la friji halipitishi hewa, ndivyo lilivyotengenezwa. Usiku wa baridi mtu huona ni jambo la kawaida kuingiza jiko la mkaa ndani apate joto. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, ndio hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na aliyelala haamki. Dirisha kuachwa wazi kidogo hakutoshi. Mkaa usiingie kwenye boksi, na katika hili hatumwambii mwenye lori tu. Chumba cha kulala kilichozibwa vizuri kwa ajili ya baridi ni boksi vilevile.

Gesi ya kupikia ina hatari yake ya aina nyingine. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Mtungi ukae kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nje tu, chenye tundu chini la kutolea gesi, na karibu na jiko pia pawe na tundu la hewa usawa wa sakafu. Matundu yaliyotobolewa ili kupitisha mabomba yazibwe vizuri, maana moshi wa ekzosi hupenya hapo injini ikiwa inanguruma.

Kuhusu karatasi, kadi ya gari inayotolewa na TRA hutaja aina ya bodi. Mwenye gari aende TRA na kwa kampuni yake ya bima kabla fundi hajaanza kukata, kwa kuwa bima iliyokatwa kwa lori la mizigo inaweza kugoma kulipa ajali ya nyumba yenye watu wamelala. Gari lenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani kwenye barabara kuu, na hilo ni la faida kwako. Lipime likiwa na maji, mafuta na watu, ekseli moja moja, ulinganishe na kibao cha kiwanda.

Safari ya kwanza iwe fupi, mchana, likiwa limejaa: Lushoto kushuka hadi Soni, usimame breki zipoe, kisha Mombo. Ukifika, zunguka gari uangalie pembe nne za boksi, na uguse kila bolti ya fremu kwa spana.