Locus: Mahali na Anayepashika

Luteni wa jeshi na daktari wa zamu ya muda wana undugu ambao pengine wenyewe hawaujui. Cheo cha luteni kimetufikia kupitia Kiingereza kutoka Kifaransa, ambako lieu ni mahali na tenant ni anayeshika: mtu anayeshika nafasi ya mkubwa wake akiwa hayupo. Katika hospitali za Nairobi, daktari anayeziba pengo la mwenzake aliye likizoni husemwa "anafanya locum". Hicho ni kifupi cha locum tenens, yaani maneno yale yale mawili kwa Kilatini.

Mzazi wao ni locus. Waandishi wa Kirumi walikumbuka kwamba wazee wao walilitamka stlocus, na wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wenye maana ya kuweka. Wazao wake wametapakaa: luogo ya Waitaliano, loc ya Waromania, hata lokesheni ya Kenya, ile anayoisimamia chifu.

Ila locus haikuwa ardhi tu. Ilikuwa pia nafasi inayoweza kukaliwa na huyu leo na yule kesho. Cicero anasimulia kisa cha mshairi Mgiriki Simonides, aliyetoka nje ya ukumbi wa karamu muda mfupi kabla paa halijaporomoka. Maiti hazikutambulika, lakini Simonides alikumbuka kila mgeni alikaa wapi, na kwa kufuata viti jamaa wakawapata wafu wao. Wasemaji wa Roma wakaufanya ujanja huo mbinu: unatembea kimawazo ndani ya nyumba unayoijua, na katika kila locus, yaani kila pembe, unaokota hoja uliyoiweka hapo. Kisa chenyewe huenda kimetiwa chumvi. Mbinu inafanya kazi. Mwaka 2003 Eleanor Maguire na wenzake wa London walipowapima mabingwa wa mashindano ya kumbukumbu, hawakukuta ubongo wa umbo la pekee. Wengi wao walikuwa wakitumia mbinu hiyo hiyo.

Kisha neno likaingia maabara. Mwaka 1911 Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyefanya kazi kwa Thomas Hunt Morgan katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichukua takwimu za inzi wa matunda, akaziacha kazi zake za darasani, akakesha akichora. Hoja yake ilikuwa nyepesi: sifa zinazorithiwa pamoja karibu kila mara, kama mwili wa njano na macho meupe, jeni zake ni majirani, zinazoachana mara kwa mara zinaishi mbalimbali. Kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni, mstari mmoja tu wa kromosomu ya X, akaichapisha mwaka 1913. Wakati huo hakuna aliyejua jeni imeundwa kwa kitu gani. Mahali pake, yaani locus yake, palijulikana kwanza.

Leo anwani ya namna hiyo huandikwa hivi: 11p15.4. Hiyo 11 ni namba ya kromosomu, p, kutoka neno la Kifaransa petit, ni mkono wake mfupi, 15.4 ni mkanda unaoonekana kwa hadubini kromosomu ikitiwa rangi. Hapo ndipo ilipo jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini inayosafirisha oksijeni. Herufi moja ya DNA ikigeuka, A ikawa T, chembe nyekundu zinapokosa oksijeni hujipinda umbo la mundu. Locus ni ile ile, aliyeikalia ndiye mwingine, kama kiti cha daladala na abiria wake.

Aliyerithi aleli hiyo, yaani toleo hilo la jeni, kwa baba na kwa mama anaugua selimundu. Aliyerithi moja kwa kawaida haugui, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki, na kinga hiyo ndiyo sababu aleli hii haijafutika kandokando ya Ziwa Victoria na mwambao wa pwani.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri DNA kwa mkasi wa CRISPR. Mtu angetarajia mkasi uende 11p15.4 kuirekebisha ile herufi. Hauendi huko. Unakata kwenye kromosomu ya 2, ndani ya jeni ya BCL11A, ambayo huizima himoglobini ya kichanga baada ya kuzaliwa. Kizimio kikilegezwa, mwili unarudia kutengeneza himoglobini ya tangu tumboni mwa mama, na locus yenye kasoro inaachwa kama ilivyo.