Moto ukirudi usiku: namna ya kuweka programu ya Linux toka maandishi yake

Huko Muhumba, sawa na mitaa mingi ya Bukavu, kazi ya mashini haipangwi kwa saa ya ukutani. Inapangwa kwa moto. Bwawa la Ruzizi liko hapo chini tu, maji ya ziwa yanatoka yakipita kando ya mji, lakini nyumba inaweza kushinda bila umeme na moto urudi saa tano ya usiku, watu wamelala. Hiyo ndiyo saa fundi anawasha mashini.

Tuseme fundi huyo ni wa redio ndogo, na redio inataka kusikika kwenye intaneti. Watu wa Bukavu wametawanyika: kuna walio Bujumbura, Kampala, Bruxelles, Montreal, na kila mmoja anauliza habari za nyumbani. Kwa kazi hiyo kuna programu mbili za bure ambazo redio nyingi duniani zinatumia. Moja inaitwa Icecast, inakaa kwenye seva na kugawa sauti kwa wasikilizaji. Nyingine ni DarkIce, inakaa kwenye mashini ya studio, inachukua sauti toka kwenye mikseri, inaibana na kuituma kwa Icecast. Zote zinaendeshwa kwenye Linux, na hazidai leseni ya kulipia.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye herufi tatu: MP3. Kwa miaka mingi, DarkIce iliyokuwa kwenye ghala la Debian (na ndugu zake, kama Raspbian ya zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi) ilitengenezwa bila uwezo wa MP3, juu ya hatimiliki za kampuni zilizodai malipo kwa teknolojia hiyo. Mpango wa leseni ulifungwa mwaka 2017, lakini kabla ya hapo na hata baadaye mafundi wengi walijikuta na programu inayotuma sauti kwa mtindo wa Ogg Vorbis peke yake, na simu nyingi, hasa zile za iPhone, zilikuwa hazichezi Ogg. Msikilizaji wa Bruxelles anafungua, anaona kimya. Dawa ilikuwa moja: kuchukua maandishi ya programu na kuitengeneza mwenyewe.

Mtu aliyewahi kununua unga sokoni Kadutu anaelewa jambo hili bila shule. Unga uliosagwa tayari ni rahisi: unabeba, unapika bukari. Lakini hujui vizuri ni muhogo gani uliingia, na huwezi kumwambia aliyesaga aongeze mahindi kidogo. Ukitaka hivyo, unapeleka muhogo wako mkavu kwenye mashini ya kusaga. Programu iliyo tayari ni unga. Maandishi ya programu, yaani mistari ambayo mwandishi wake aliandika kwa lugha kama C au C++, ndiyo muhogo. Na mashini ya kusaga inaitwa kompaila: inasoma yale maandishi na kutoa kitu ambacho prosesa inaweza kukitekeleza. Kwenye Linux kompaila inayotumika zaidi ni GCC, iliyotoka mwaka 1987 katika kazi ya GNU ya Richard Stallman.

Kwanza basi, vyombo. Kwenye Debian au Ubuntu fundi anaandika:

sudo apt install build-essential pkg-config libmp3lame-dev libvorbis-dev libasound2-dev

Mstari huu ndio unaokula mega. Build-essential, ambayo inaleta kompaila na wenzake, inafika makumi ya mega, wakati maandishi yenyewe ya DarkIce hayafiki hata mega moja. Mwenye feza kidogo ya kununua mega anaweza kupakua paketi hizo mahali penye intaneti nzuri, azibebe kwenye flashi. Au atumie DVD ya Debian, ambayo imejaa paketi nyingi na haihitaji intaneti hata kidogo.

Zile herufi "-dev" mwishoni zinawachanganya wengi. Mtu anasema: "Lakini maktaba ya MP3 iko tayari kwenye mashini yangu, nasikiliza muziki kila siku!" Ni kweli, iko. Lakini ile ya kusikiliza ni maktaba iliyokwisha kusagwa. Kompaila inataka pia karatasi za maelezo, faili ndogo zinazosema maktaba ina kazi gani na inaitwaje, na hizo zimo ndani ya paketi ya "-dev". Kosa hili peke yake linaweza kumkatisha tamaa mwanafunzi.

Kiisha maandishi yanafunguliwa na kazi inaanza:

tar xf darkice-1.4.tar.gz
cd darkice-1.4
./configure
make
sudo make install

Amri ya pili toka juu inaingia ndani ya folda. Ya tatu, configure, ni mkaguzi: inazunguka mashini nzima ikiuliza kompaila iko wapi, maktaba gani zipo, prosesa ni ya aina gani, halafu inaandika karatasi ya maagizo inayoitwa Makefile. Ni lazima kusoma inachosema. Ikikosa maktaba ya MP3 haisimami. Inasema kwa mstari mmoja, katikati ya mistari mia, kwamba itaendelea bila hiyo. Fundi mwenye usingizi haoni. Anamaliza yote, anaiwasha, na DarkIce yake haina MP3, sawasawa na ile aliyoikimbia.

Make ndiyo inayosaga. Iliandikwa mwaka 1976 na Stuart Feldman katika maabara ya Bell, na mpaka leo inafanya kazi kwa wazo lile lile: inalinganisha saa. Faili ya maandishi ikiwa mpya kuliko faili iliyotokana nayo, inasagwa tena. Ikiwa ya zamani, inaachwa. Hapa ndipo fundi wa Muhumba anapata faida ambayo mtu wa Paris hata haifikirii. Moto ukikatika katikati ya kazi, hakuna sababu ya kulia. Moto ukirudi, aandike make tena. Zile faili zilizokwisha kusagwa hazitarudiwa, kazi itaendelea pale ilipoachia.

Lakini kuna mitego miwili, na yote inatoka kwenye moto huo huo.

Wa kwanza ni faili nusu. Umeme ukikatika wakati kompaila inaandika, faili iliyokuwa mkononi inaweza kubaki tupu au kukatika, na tarehe yake ni mpya. Make inaiangalia, inaona ni mpya, inasema hiyo imekwisha, inaendelea. Shida inatokea mwishoni, wakati wa kuunganisha vipande vyote: mashini inalalamika kwamba faili fulani yenye mwisho wa ".o" haitambuliki. Wengi wanafikiri maandishi waliyopakua ni mabovu, wanapakua tena, mega zinaisha. Kumbe inatosha kufuta ile faili moja na kuandika make tena. Kama haijulikani ni ipi, "make clean" inafuta zote na kazi inaanza upya, jambo ambalo kwa programu ndogo kama DarkIce si la kuogopesha.

Wa pili unajificha zaidi. Mashini nyingi za mezani zinazofika Bukavu ni za zamani, zimekwisha kutumika ng'ambo, na betri ndogo ya mviringo iliyo ndani yake, ile inayotunza saa wakati hakuna moto, imekufa. Kila moto ukikatika, mashini inaamka ikifikiri ni mwaka ambao ilitengenezwa. Kwa make, ambayo akili yake yote ni kulinganisha saa, huo ni ulevi. Faili za jana zinaonekana zimetoka siku zijazo. Inaonya kwa maneno haya: "Clock skew detected. Your build may be incomplete." Maana yake ni kwamba saa zimepishana, na kilichotengenezwa huenda hakijakamilika. Tena saa mbovu inafanya kurasa salama za intaneti zikatae kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vinaonekana bado havijaanza kutumika. Fundi anafikiri ni mtandao. Kabla ya yote, aandike amri "date" aone mwaka. Betri yenyewe, CR2032, ni ile ile ya mizani na rimoti ndogo.

Neno moja juu ya lugha. Mashini nyingi hapa zimewekwa kwa Kifaransa, kwa hiyo makosa yanatoka kwa Kifaransa: "Aucun fichier ou dossier de ce type". Ni vizuri kwa kusoma, lakini ukitafuta msaada, majibu mengi ya duniani yameandikwa chini ya ujumbe wa Kiingereza. Ukiandika "LC_ALL=C make", mashini inasema Kiingereza kwa mara hiyo tu. Kwa Kiswahili bado. Kazi iliwahi kufanywa: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kompaila haikufikiwa.

Na makosa yasomwe toka juu. Mstari wa mwisho karibu kila mara ni "Error 1" au "Error 2", na hausemi kitu. Ni make inayotangaza tu kwamba imeshindwa. Sababu iko juu yake, kwenye kosa la kwanza kabisa. Anayetaka kumtumia mwenzake kwa WhatsApp asipige picha ya ekrani ya chini. Aandike "make 2>&1 | tee kosa.txt" na atume faili nzima.

Sasa, imani. Amri ya mwisho, sudo make install, inaendeshwa kwa mamlaka yote ya mashini. Ndiyo maana configure na make zifanywe na mtumiaji wa kawaida, sudo ibaki ya mwisho. Lakini hata hivyo, nani alisema maandishi yaliyopakuliwa ni yale ya mwandishi? Watoaji wengi wanaweka namba ya uthibitisho, na amri sha256sum inahesabu namba ya faili iliyo mkononi: zikipishana herufi moja, faili itupwe. Hiyo inasaidia dhidi ya faili iliyoharibika njiani au iliyobadilishwa kwenye flashi ya mtu. Haisaidii kama mwizi amekaa ndani ya nyumba.

Tarehe 29 Machi 2024 dunia iliona mwizi wa namna hiyo. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, aliona kuingia kwenye seva yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Alichimba. Akakuta kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili iliyo karibu kila mahali kwenye Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amesaidia mradi ule kwa muda mrefu mpaka akapewa funguo. Mlango ulifichwa ndani ya faili zilizoonekana kuwa za majaribio, na kipande cha kuuamsha kilikuwa kwenye hatua ya configure, tena kwenye furushi la kupakua tu. Katika maandishi ya wazi yaliyokuwa mbele ya macho ya kila mtu hakikuwemo. Aliyepakua furushi na kulinganisha namba angeona namba ni sawa kabisa.

Kwa hiyo ushauri wa mafundi wenye uzoefu ni kwamba kama paketi ya Debian inatosha, itumike hiyo. Imepita mikononi mwa watu, na ikionekana ina kasoro, "apt upgrade" inaleta iliyorekebishwa. Kusaga mwenyewe ni kwa pale panapohitajika: kipengele kimeachwa, toleo ni la zamani mno, au programu haipo ghalani. Aliyesaga mwenyewe ndiye atakayefuatilia mwenyewe, hakuna atakayemletea marekebisho.

Jambo hilo lina sehemu yake ya mikono. Kwa kawaida make install inaweka vitu ndani ya /usr/local, mbali na vile vya Debian, ili visigombane. Ni utaratibu mzuri, usibadilishwe bila sababu. Folda ya maandishi isifutwe baada ya kazi, kwa sababu siku ya kutoa programu ile, "make uninstall" inahitaji kuandikwa humo humo. Na ikiwa programu imewekwa lakini inakataa kuanza ikidai haioni maktaba ambayo nayo ilisagwa jana, "sudo ldconfig" inaikumbusha mashini kutazama upya.

Halafu DarkIce inapewa faili yake ya maagizo: sauti itoke wapi, iende seva gani, kwa mtindo wa mp3, kwa kipimo gani. Kipimo ni hesabu ya mega. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ya matangazo inakula karibu mega 58. Kwa 48, inakula karibu mega 22, na sauti ya mtu anayesoma habari bado inasikika vizuri. Ni muziki ndio unaumia. Redio inayotangaza habari na mahojiano ianze na 48.

Kando ya mikseri kuwe na daftari. Ndani yake: toleo la programu, tarehe iliyowekwa, folda ya maandishi iko wapi, amri ya configure iliandikwaje neno kwa neno. Fundi anaweza kuhama mji, na moto utarudi usiku mwingine, mtu mwingine akiwa kwenye kiti.